Sauti Iliyopanda Mlima Magara

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kiti kimoja tu kiliiponyoka, nacho kilikuwa cha Mbulu. Wapiga kura wa huko walimwacha mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo, wakamchagua Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama bila baraka za chama chake. Hawakuukataa uhuru. Waliutaka kama Watanganyika wengine, ila walitaka pia wasemewe na mtu waliyemchagua kwa hiari yao.

Nimekuwa nikiikumbuka habari hiyo, ya watu waliotaka kujichagulia sauti yao, kila ninapofikiria historia ya redio nchini mwetu. Tumezoea kuisimulia kuanzia Dar es Salaam, kwenye studio na mitambo, pamoja na watangazaji wenye majina makubwa. Ni mara chache tunaianzia upande wa pili, pale sauti ilipotua. Kwa hiyo nimeifuata njia ya zamani inayopanda kutoka bondeni hadi Mbulu, kisha kushuka hadi Basotu na Katesh chini ya Mlima Hanang. Nilikuwa na swali moja: redio ilipofika huku juu ilizikuta sauti gani, na imezifanyia nini?

Barabara ya Arusha kwenda Babati unaiacha mahali paitwapo Mbuyu wa Mjerumani, unashika njia ya Magara. Mbele yako ukuta wa Bonde la Ufa umesimama wima, na gari linaupanda kwa kona kali huku joto la bondeni likibaki nyuma. Ukifika juu, hewa ni nyingine kabisa. Kuna baridi, ukungu wa asubuhi, mashamba ya mahindi na maharage yaliyogawanywa kwa matuta, na ng'ombe kwenye kila kipande cha malisho. Wajerumani walijenga boma lao Mbulu, na kwa miaka mingi mji huo ulikuwa makao ya wilaya kubwa iliyozishika pamoja Mbulu, Karatu, Babati na Hanang za leo. Mkoa wa Manyara, ambamo Mbulu imo leo, ni wa juzi tu, umezaliwa mwaka 2002.

Moyo wa nchi hii, hata hivyo, hauko mjini. Uko Kainam, jirani na msitu wa Nou, mahali ambapo Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, wanapaita Irqwar Da'aw na kupahesabu kuwa ndiyo nchi yao ya asili. Masimulizi ya wazee yanarudi nyuma zaidi, hadi Ma'angwatay, walikoishi kabla ya kushindwa vitani na kuhama. Kainam ndipo walipojificha na kujipanga upya. Walichimba nyumba ubavuni mwa milima, paa likalingana na ardhi, ili wavamizi wasizione kwa mbali. Walilima miteremko kwa samadi na kwa matuta, wakapata chakula cha watu wengi katika eneo dogo. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890 na nguvu za Wamasai zikapungua, Wairaqw walianza kutoka milimani. Walishuka kaskazini hadi Karatu na kusini hadi Dongobesh, Haydom na nyanda za Hanang.

Huko Kainam kulikuwa na utangazaji kabla ya redio. Wairaqw wana sala-shairi iitwayo slufay. Mzee anasimama mbele ya watu na kunena mstari baada ya mstari. Anamwomba Looa, Mungu wao wa juu anayesemwa kama mama, alete mvua, watoto, mifugo na amani, na afukuze maradhi. Kila mstari unapokwisha, waliokaa wanaitikia kwa pamoja. Slufay haikamiliki kwa msemaji peke yake, kwa sababu bila waitikiaji hakuna sala. Humo ndani mna historia ya koo, majina ya milima na mito, adabu ya ujirani, na Kiiraqw cha ndani ambacho kijana wa leo aliyekulia mjini anakisikia kwa taabu. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Mjerumani Paul Berger alifika na kuandika masimulizi ya Wairaqw kama alivyoyasikia. Maandishi yake yalikaa miongo sita kabla Roland Kießling hajayatoa kitabuni mwaka 1998. Mwaka 2002 Kießling, Maarten Mous wa Uholanzi na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kamusi ya Kiiraqw. Kwa hiyo karatasi inayo lugha hii. Hewani ndiko isikotamba.

Redio ya nchi yetu ilianza Julai 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwanzoni ilisikika mjini humo na vitongoji vyake tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likavunjwa na kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Redio ndogo za transista zilipoanza kuingia madukani, sauti ikapanda Mlima Magara pamoja na magunia ya chumvi na mitumba. Redio haikuhitaji umeme, ilihitaji betri. Betri zilipochoka, watu walizianika juani ili ziamke kidogo, zifike angalau saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari.

Sauti hiyo iliwafanyia watu wa Mbulu na Hanang jambo kubwa, nami sitaki kulipunguza hata chembe. Iliwaingiza katika taifa. Mtoto wa Dongobesh na mtoto wa Lindi walimsikiliza Debora Mwenda huyo huyo katika kipindi cha Mama na Mwana, na vituko vya Pwagu na Pwaguzi viliwachekesha wote wawili. Mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955, aliweza kupata salamu za nduguze kupitia kipindi cha Ugua Pole. Tarehe 12 Aprili 1984, Mwalimu Nyerere alipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, nchi nzima ilisikia katika lugha moja, na mfugaji wa Basotu hakungoja kuhabarishwa na mpita njia.

Katika mambo yote hayo, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo inayonigusa zaidi. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya malaria, kichocho, maji safi na kuhara. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, mazungumzo yakaanza, na wanakikundi wakaamua watafanya nini kijijini kwao. Vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Wataalamu wa elimu ya watu wazima wa nchi nyingine walikuja kujifunza jambo hili kwetu.

Sasa jiulize mazungumzo yale yalifanyika kwa lugha gani katika kijiji cha Kainam, au kwenye maboma ya Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga, karibu na Ziwa Balangida. Kiswahili wakati huo kilikuwa lugha ya vijana waliopitia shule na ya wanaume waliosafiri. Bibi aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu maji ya nyumba yake alikuwa na Kiiraqw au Kidatoga. Kiongozi wa kikundi ndiye aliyekuwa kivuko. Alipokea Kiswahili kutoka kwenye redio na kukivusha hadi kwenye lugha ya nyumbani. Mafanikio ya Mtu ni Afya tumeyaandika kwenye hesabu ya Kiswahili, na ni haki. Lakini lugha za nyumbani zilifanya nusu ya kazi, na hazikuandikwa popote.

Kutoka Mbulu nilishika njia ya Dongobesh hadi Haydom. Wanaisimu huitaja sehemu hii kwa heshima, kwa kuwa hapa, ndani ya mwendo wa siku moja, familia zote za lugha za Afrika zinazotajwa katika vitabu zimekaa bega kwa bega. Kiiraqw, pamoja na ndugu yake Kigorwa cha Babati, ni lugha za Kikushi. Kidatoga ni cha Kinailoti. Kinyaturu, Kinyiramba na Kiisanzu upande wa Singida, na Kimbugwe kule bondeni, ni za Kibantu. Na magharibi, ukishuka Yaeda Chini kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda ambao lugha yao ya kugonga ulimi haijapata ndugu aliyethibitishwa. Wahadzabe ni elfu moja na ushei tu. Sidhani kama kuna sehemu nyingine barani yenye utajiri wa namna hii katika eneo dogo hivi.

Mnada ni mahali pazuri pa kuusikia utajiri huo. Bei ya beberu hupatanwa kwa Kiswahili, kwa sababu muuzaji ni Mdatoga na mnunuzi ni Mwiraqw au mfanyabiashara kutoka Singida. Bei ikishakubalika, kila mmoja anageukia watu wake na lugha yake. Hakuna anayeona ajabu, wala hakuna anayehofu kwamba taifa litavunjika kati ya zizi la mbuzi na banda la chai. Spika za wauza muziki nazo hupiga nyimbo za kwaya na za ngoma katika lugha za hapa, zilizonakiliwa kutoka simu hadi simu. Vijana wamekwisha kujitafutia njia ya kusikia lugha zao. Redio ndiyo bado haijawafuata.

Kusini mwa Haydom nchi inafunguka. Hapo ni Basotu, penye ziwa dogo la volkano, na mbele yake Mlima Hanang unasimama peke yake ukifikia takriban mita 3,400. Nyanda hizi zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada mkubwa wa Kanada, lilianzisha hapa mashamba makubwa ya ngano. Mashamba yalifika saba, na yakatwaa kiasi cha ekari 100,000. Trekta zilipita juu ya njia za mifugo, na pia juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wakubwa. Mdatoga aliyetukuka huzikwa kwa sherehe ya miezi mingi, na kilima cha udongo hujengwa juu yake. Kwa Wabarabaig, kaburi hilo ni ukumbusho, ni mahali pa sala, na ni hati ya ukoo juu ya nchi.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu, ilisema haikuthibitishwa kwamba wote waliodai walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria. Mtafiti Charles Lane aliandika kitabu kizima juu ya malisho hayo yaliyopotea, na dunia ya wasomi ikajua. Mimi najiuliza juu ya majirani. Katika miaka yote hiyo, Mtanzania wa kawaida aliyewasha redio alisikia habari njema za ngano ya Hanang, ambayo ni kweli ililisha miji yetu. Je, angepata wapi kumsikia mzee wa Kibarabaig akieleza kwa Kidatoga chake, pamoja na mkalimani, kilima kile cha udongo kina maana gani? Nchi nyingi hupoteza ardhi ya wachache kwa kutoijua tu, bila hata chuki. Sauti ya mwenyeji ndiyo dawa ya kutojua.

Usalama wa maisha nao unaidai sauti hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang uliporomoka. Matope, mawe na magogo vikaangukia Katesh na vijiji kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Tunazungumza sana sasa juu ya tahadhari za mapema. Tahadhari ya kweli ni ile inayomfikia mtu aliye dhaifu kuliko wote kwa maneno anayoyaelewa upesi, usiku, akiwa na hofu. Mzee wa miaka themanini akiwa katika hofu hafikiri kwa lugha ya pili.

Leo redio haziko Dar es Salaam peke yake. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi. Jimbo Katoliki la Mbulu lina Redio Habari Njema, na vingine vinasikika kutoka Babati. Watangazaji wake ni wana wa nchi hii, wanajua kutamka majina kama Hhando na Tlawi bila kujikwaa. Lakini kanuni za utangazaji zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Hivyo mtangazaji Mwiraqw humhoji mkulima Mwiraqw kuhusu shamba la Kiiraqw, nao wote wawili huzungumza kwa lugha ya kuazima. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, kwa upande wake, inasema wananchi waendelee kuzitumia lugha zao za asili na kuzijivunia, na inahimiza zitafitiwe, ziandikwe na zihifadhiwe. Sera inafungua mkono, kanuni inaufunga.

Najua kwa nini ulifungwa. Waliojenga taifa hili waliogopa ukabila, na jirani zetu walituonyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ndoto. Nchini Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji Joshua Sang wa kituo cha Kass FM kinachotangaza kwa Kikalenjin alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi ilifutwa Aprili 2016, lakini mjadala juu ya redio za makabila haukufutika. Tunapoitaja Rwanda ya 1994 na kituo cha redio cha RTLM, hata hivyo, tukumbuke jambo moja tunalolisahau mara nyingi. Kituo kile kilichochea mauaji kwa Kinyarwanda, lugha moja ya Wahutu, Watutsi na Watwa. Lugha ya pamoja haikuwaokoa Wanyarwanda. Sumu ilikuwa katika maneno yenyewe na katika nia ya waliomiliki kipaza sauti, na sumu hiyo hutengenezwa kwa lugha yoyote.

Kuna nchi ya mbali iliyopita njia inayofanana mno na yetu. Singapore ilijaa Wachina waliohamia kutoka mikoa ya kusini mwa China, kila kundi na lugha yake: Kihokkien, Kiteochew, Kikantoni na nyingine. Kituo cha Rediffusion, kilichoanza mwaka 1949, kiliwaletea majumbani na mikahawani wasimulizi wa hadithi katika lugha hizo. Lee Dai Soh, aliyesimulia kwa Kikantoni, alikuwa mashuhuri kama Pwagu na Pwaguzi kwetu. Kwa wahamiaji wale, redio ndiyo iliyokuwa nchi ya mababu. Mwaka 1979 serikali ya Lee Kuan Yew ilianzisha kampeni ya kuzungumza Kimandarini ili kuwaunganisha Wachina wote, na kufikia mwaka 1982 vipindi vya lugha nyingine za Kichina vilikuwa vimeondolewa hewani. Umoja ulipatikana. Wajukuu wengi, hata hivyo, walishindwa kuzungumza na bibi zao. Mwaka 2016 serikali hiyo hiyo ilisaidia kutengeneza mchezo wa televisheni kwa Kihokkien, kwa sababu iligundua kwamba ujumbe wa matibabu na mafao hauwafikii wazee kwa lugha nyingine. Singapore haikuvunjika kwa kuirudisha sauti hiyo. Ilichelewa tu, na wasimulizi wakubwa walikuwa wamekwisha kufa.

Sisi tusingoje kuchelewa. Hapa hapa mkoani Manyara, kule Terrat wilayani Simanjiro, wafugaji wa Kimasai walianzisha redio ya jamii ya Orkonerei mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilijengwa juu ya mahitaji ya wafugaji: mvua, mifugo, ardhi, haki za wanawake. Ni ushahidi kwamba jamii ya pembezoni ikishika kipaza sauti, inakitumia kwa yanayoihusu kila siku.

Ninachokiomba si kingi. Kiswahili kibaki lugha ya redio zetu. Lakini mamlaka za utangazaji ziruhusu vituo vya jamii kutenga saa kadhaa kwa wiki kwa Kiiraqw, Kidatoga, Kigorwa na Kihadza, kwa masharti yaliyo wazi. Kila kipindi kirekodiwe na kuhifadhiwa, muhtasari wake utolewe kwa Kiswahili, na kamati ya wasikilizaji wa makabila yote ya wilaya iwe na nguvu ya kuhoji lililosemwa. Kengele za mafuriko, chanjo na magonjwa ya mifugo zitolewe kwa lugha zote bila kungoja ruhusa. Na kabla ya yote, vinasa sauti vipelekwe Kainam, Basotu na Yaeda Chini sasa hivi. Slufay, sala za bung'eda na hadithi za Wahadzabe zimo vifuani mwa watu wenye umri mkubwa, na kila mwaka wanapungua.

Slufay yenyewe inatuonyesha namna ya kuitumia redio. Ile redio ya zamani ilisema, na watu wakasikiliza tu. Ya leo hupokea simu na ujumbe papo kwa papo, kwa hiyo inaweza kuitikiwa. Mzee akinena Kainam, mjukuu wake aliye Arusha anaweza kuitikia kwa simu, na jirani Mdatoga akasikia, akauliza, akaelezwa kwa Kiswahili. Kiswahili kitakuwa kinafanya kazi yake bora, ile iliyoifanya mwaka 1973: kuwakutanisha watu wenye jambo la kuambiana. Taifa lililokwisha kujenga umoja wake kwa zaidi ya miaka sitini lina nguvu ya kutosha kuwasikiliza watu wake wote kwa sauti zao wenyewe.